Sanduku la Barua: "Kwetu ni mtu mzima, huko ni mtoto"

Barua tatu za mwezi huu zimetoka pande tofauti lakini zote zinahusu pombe bwenini. Nimeziweka pamoja. Mimi mwenyewe nililala kwenye mabweni ya chuo kimoja cha Michigan, Marekani, kwa miaka 11: kwanza kama mwanafunzi kiongozi wa ghorofa, kisha kama mlezi wa bweni zima. Nayajibu haya nikiwa nimeyaona.

*Dada, salamu kutoka Moshi. Kifungua mimba wangu ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza katika chuo cha huko huko Michigan. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu usiku, akaomba dola 100. Nilipombana akanieleza. Ijumaa usiku kiongozi wa ghorofa yao aligonga mlango, akawakuta watano chumbani, chupa ya vodka mezani, makopo ya bia sakafuni. Yeye anasema alikuwa na kopo la pili. Ameitwa ofisi ya nidhamu, amewekwa chini ya uangalizi mpaka mwisho wa mwaka, na amepewa kozi ya mtandaoni kuhusu pombe ambayo lazima ailipie mwenyewe. Baba yake anasema arudi nyumbani haraka, atasoma Dodoma. Mimi naona chuo kimemwonea. Hapa kwetu mtu wa miaka 19 anapiga kura, na babu yake alishampa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya ukoo mzima. Nani kati yetu ana haki?* – Mama wa kijana, Moshi

Pole, mama. Kabla sijaamua ugomvi wenu, kuna jambo ambalo wewe na baba yake mmelipita. Habari hii umeipata kwa mwanao. Chuo hakikukupigia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inafunga kumbukumbu za mwanafunzi hata kwa mzazi anayelipa ada. Mwaka 1998 waliilegeza kidogo: chuo kinaruhusiwa kumjulisha mzazi iwapo mwanafunzi aliye chini ya miaka 21 amevunja kanuni za pombe. Kinaruhusiwa, hakilazimishwi. Kwa hiyo kijana angeweza kukwambia hizo dola 100 ni za vitabu, nawe ungetuma, na usingejua kitu mpaka leo. Alipobanwa kidogo tu akasema kweli. Nimekaa na mamia ya vijana waliokamatwa, na waliokuwa na mtu wa kumpigia nyumbani niliwahesabu kwa vidole. Msiifunge hiyo simu kwa makelele.

Sasa umri. Chuo hakikumwonea. Huko, hakuna anayeweza kununua wala kushika pombe kihalali chumbani kabla ya miaka 21, na sababu yake ina historia. Wakati wa vita vya Vietnam vijana wa miaka 18 walikuwa wanapelekwa kufa ilhali hawapigi kura. Mwaka 1971 katiba ikabadilishwa wapige kura, na majimbo mengi yakaona basi na pombe wanywe. Michigan ilishusha umri hadi 18 mwaka 1972. Vijana wakaanza kufa barabarani, na mwaka 1978 wananchi wa jimbo hilo wenyewe wakapiga kura kuurudisha hadi 21. Mwaka 1984 Rais Reagan akatia saini sheria ya nchi nzima: jimbo litakaloruhusu pombe chini ya miaka 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu, hadi asilimia 10. South Dakota ilikwenda mahakamani ikashindwa mwaka 1987, na mwaka uliofuata hakukuwa na jimbo lililobaki nje. Vyuo navyo, tangu 1989, haviwezi kupokea fedha za serikali kuu bila kuwa na kanuni za pombe zilizoandikwa pamoja na adhabu zake. Yule kiongozi wa ghorofa aliyegonga mlango ni mwanafunzi mwenye umri karibu na wa mwanao, na angenyamaza angepoteza kazi.

Najua mpaka huo wa 21 unasumbua akili. Kijana wa Detroit akivuka mto kwenda Windsor, upande wa Kanada, anakunywa kihalali akiwa na miaka 19. Akirudi ni mkosaji. Mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya 100 walitia saini tamko wakitaka mjadala huo ufunguliwe upya, wakiongozwa na John McCardell aliyekuwa mkuu wa Middlebury College. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria imeisukuma pombe chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Hapo walisema kweli, niliishi nayo. Lakini nyumba ya Michigan ninayoikumbuka kila Novemba ni ya wazazi wa Bradley McCue. Mwaka 1998 alitimiza miaka 21 akiwa mwanafunzi wa Michigan State. Siku hiyo hakuvunja sheria yoyote ya umri. Alikunywa glasi ndogo 24 za pombe kali kwa muda usiofika saa mbili, akalala, hakuamka. Wazazi wake wakaanza kuwatumia wanafunzi kadi wanapotimiza miaka 21, wakiwaeleza kilichompata kijana wao.

Ndiyo maana nataka nizungumze na wewe kuhusu mbege, maana mimi pia ni mtoto wa Marangu. Nilionja mbege kwa bibi nikiwa bado nachunga mbuzi. Unajua inavyonywewa: ndizi na ulezi, uchungu wa gome la msesewa, kata inapita mkononi kwa mtu kisha kwa mwingine, nyama inachomwa pembeni, na wazee wanaona nani ameishika kata mara ngapi. Ukizidisha, shangazi atakunyang'anya. Babu yake alimpa kijana pombe yenye macho ya watu juu yake. Chumbani kule Michigan hakuna shangazi. Kuna chupa moja, vikombe vya plastiki vikubwa, na rafiki anayemimina kwa jicho. Kopo la bia la mililita 355 na vodka ya mililita 44 tu vina kilevi kile kile, gramu 14 hivi, na ini linahitaji karibu saa nzima kukimaliza. Sasa mpe mtoto wa miaka 18 kikombe kikubwa ajimiminie vodka gizani, muziki unapiga, wote wana haraka kwa sababu mlango unaweza kugongwa. Anameza vipimo vitano akidhani ni kimoja. Hili mwanao hakulijua alipoondoka uwanja wa ndege wa KIA, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu sisi wazazi tulidhani aliyezoea mbege anaijua pombe.

Adhabu aliyopewa ndiyo ambayo ningempa mimi. Imekuja haraka, haijamfukuzisha, na inamwambia wazi kitakachofuata akirudia: mara ya pili kwa kawaida ni mshauri wa mambo ya ulevi na barua kwa wazazi, kisha kuhamishwa bwenini, kisha kusimamishwa masomo. Ninayoilaumu ni ile kozi ya mtandaoni. Niliwaona wakiibonyeza ukurasa baada ya ukurasa huku wanatazama mpira. Kinachofanya kazi zaidi ni mazungumzo ya ana kwa ana na mshauri, saa moja hivi, mara moja au mbili. Alan Marlatt na wenzake wa chuo kikuu cha Washington waliutengeneza utaratibu huo miaka ya 1990: kijana anaandika anachokunywa, wanakipigia hesabu pamoja, anaonyeshwa kuwa wenzake wanakunywa pungufu ya vile anavyodhani. Hilo la mwisho huwashangaza sana. Kila mmoja anaamini yeye peke yake ndiye anayekunywa kidogo. Mwambie mwanao aiombe nafasi hiyo kwenye kituo cha afya cha chuo.

Mzee nyumbani umwambie hivi kwa heshima. Wiki sita za kwanza za mwaka wa kwanza ndizo zenye hatari kubwa kuliko nyingine, na kijana wenu ameshazipita akiwa hai na akiwa na barua moja tu. Akikatisha masomo, hadhi yake ya viza ya mwanafunzi inakatika hapo hapo, na kuirudisha si kazi ya wiki moja. Mtakuwa mmempa adhabu kubwa kuliko waliyotoa wenye kanuni.

Kuna swali moja lazima umuulize leo: je, polisi walikuja? Barua ya chuo na karatasi ya polisi ni vitu viwili. Michigan, tangu mwanzo wa 2018, anayekamatwa na pombe kwa mara ya kwanza akiwa chini ya umri hutozwa faini isiyozidi dola 100 na halihesabiwi kuwa jinai. Mara ya pili linaweza kuwa jinai. Kama ana karatasi ya polisi, asilipe kimya kimya ili iishe. Kulipa kunaweza kuwa ndiko kukiri kosa. Aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kisha kwa mwanasheria. Vyuo vingi vina mwanasheria wa wanafunzi kwa bei nafuu. Siku akiomba viza tena fomu itamuuliza kama amewahi kukamatwa, na asije akadanganya. Na gari, mama, gari! Kwa aliye chini ya miaka 21 Michigan inamkamata akiwa na kilevi cha 0.02 tu kwenye damu, yaani karibu kopo moja. Tangu 2015 ubalozi unaweza kufuta viza ya mtu aliyekamatwa akiendesha amelewa, hata mahakama ikiwa bado haijamhukumu. Hapa mimi si mpole hata kidogo. Atembee kwa miguu kwenye theluji.

Dola 100 usitume. Mwanafunzi mwenye viza yake anaruhusiwa kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Aoshe sahani za mesi alipe mwenyewe. Ukimpigia, badala ya kumuuliza "kwa nini ulikunywa", muulize mambo haya: nani alileta ile chupa, mlikuwa mmekula, na yule aliyelewa kuliko wenzake alibaki na nani. Hilo la mwisho sikiliza atakavyolijibu.

*Asalaam aleikum, mama, na shikamoo. Mimi ni binti wa Mombasa, mwaka wa pili, pia niko Michigan. Sijawahi kunywa na sina nia. Mwenzangu wa chumbani ni Mmarekani wa miaka 18. Jumamosi aliletwa akiburutwa na wenziwe wawili. Walimlaza ubavu, wakamvisha begi la mgongoni lililojaa nguo asigeuke chali, wakenda zao. Nilikaa hadi alfajiri nikihesabu pumzi zake. Sikupiga simu. Niliogopa polisi wakija watasema pombe imekutwa chumbani mwangu, kisha viza yangu itafutwa na babangu atakufa kwa aibu. Aliamka mzima. Lakini mimi tangu siku ile silali. Je, nilikosea?* – Binti wa Mombasa

Waaleikum salaam, na marahaba mwanangu. Ndiyo, ulikosea. Na kosa hilo tulikufundisha sisi, ngoja nikueleze.

Mwaka wangu wa nne kazini nilikuwa mkali kuliko walezi wote. Kila Ijumaa nilipita ghorofa zangu zote nne. Nikikuta bia, mwanafunzi anaifungua mwenyewe na kuimwaga kwenye sinki, kopo baada ya kopo, mimi nahesabu kwa sauti. Sikulala kabla ya kuandika ripoti. Ofisini nilisifiwa kwa ripoti nyingi, nami nilijivuna. Nilitoka kwenye nyumba ambayo baba alikunywa tukalala njaa, kwa hiyo kila kopo lililomwagika niliona nimemwokoa mtoto wa mtu.

Alfajiri moja ya Septemba, kijana wa ghorofa ya pili aliingia kuoga akaona miguu chini ya mlango wa choo. Alikuwa mvulana wa mwaka wa kwanza. Midomo imekuwa ya bluu, ngozi baridi kama kigae, matapishi kwenye shati. Nilifika nikiwa na kanga mabegani. Nilihesabu pumzi: moja, kimya, kimya, kimya, nyingine. Gari la wagonjwa lilifika nikiwa nimempakata pale sakafuni. Alilazwa siku nne, akapona.

Wenzake walikuwa wamemfungia humo kwa saa mbili. Nilimwita anayeishi naye, nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu. Mlango wangu ulikuwa chini ya ngazi tu, na huwa silali mapema. Alijibu polepole, bila ukaidi wowote: "Tulijua utaandika."

Nimelibeba jibu hilo miaka yote. Muhula uliofuata nilisimama mbele ya bweni zima, nikawaambia nitaendelea kugonga milango na kumwaga bia, lakini atakayeniita kwa ajili ya mwenzake nitaliandika jina lake kama shahidi, na yule mgonjwa atazungumza na muuguzi kabla ya kuzungumza na mtu yeyote wa nidhamu. Ofisi ilinuna kidogo kisha ikakubali. Mwaka huo nilipigiwa simu nyingi za usiku kuliko miaka mitatu iliyotangulia yote. Wengine walidhani ulevi umeongezeka. Chuo cha Cornell kilipoweka utaratibu wa namna hiyo mwaka 2002, nacho simu za kuomba msaada ziliongezeka. Walevi walikuwepo siku zote. Walikuwa wanafichwa.

Sasa wewe. Kwanza, jimbo unaloishi lina sheria ya mwaka 2012: kijana aliyelewa akipelekwa hospitali, aliyemsindikiza, na aliyepiga simu, hawashtakiwi kwa kosa la pombe chini ya umri. Wewe hata hukunywa. Chuo chako pia huenda kina kanuni yake kuhusu anayeita msaada. Ifungue kwenye kitabu cha kanuni za wanafunzi leo, uisome mwenyewe, halafu umsomee mwenzako.

Pili, lile begi. Wanafunzi huliamini sana. Linamzuia mtu kugeuka chali, basi. Haliwezi kumwamsha akiacha kupumua. Wala kahawa haisaidii, wala maji ya baridi, wala "mwache alale itamtoka": pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu akiwa amelala. Mwite kwa jina, mfinye. Asipoamka, piga 911, namba ya dharura ya huko. Pumzi zikipungua chini ya nane kwa dakika, au zikikaa sekunde kumi bila nyingine kuja, piga. Akitapika huku hajitambui, au ngozi ikiwa baridi na midomo imebadilika rangi, piga. Usisubiri dalili zote zije. Mlaze ubavu, kaa naye, waeleze wahudumu alikunywa nini na tangu saa ngapi.

Ukihesabu pumzi za mtu mpaka alfajiri, mwanangu, basi moyo wako ulikuwa umeshajua kwamba hali si ya kulala. Na babako namjua bila kumjua. Aibu angeipata, ndiyo, labda wiki moja. Mpigie umsimulie usiku ule kama ulivyonisimulia mimi. Halafu mwombe mlezi wa bweni lenu akubadilishie chumba ukitaka. Huna deni la kumlinda mtu kila Jumamosi.

*Mimi ni matroni wa hosteli ya chuo cha kati mkoani Iringa. Wengi wametoka kidato cha nne, wengine wana miaka 17. Majuzi wasichana wawili walirudi saa nne usiku wamelewa ulanzi, pombe ya mianzi. Mkuu wa chuo ameitisha kikao, anataka wafukuzwe iwe fundisho. Nikaseme nini?* – Matroni, Iringa

Matroni mwenzangu, anza na aliyewauzia. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kumuuzia mtoto pombe ni kosa. Msimu wa ulanzi kilabu kinajulikana na muuzaji anajulikana. Kabla ya kikao nenda kwa mtendaji wa mtaa ukiwa na mwalimu mmoja. Mkuu akiona chuo kimefika mpaka kilabuni, hataona tena kwamba wasichana wawili ndio fundisho pekee lililobaki.

Kisha muulize mkuu, mbele ya kikao, binti wa miaka 17 aliyefukuzwa Iringa saa kumi jioni analala wapi usiku huo. Pendekeza wazazi waitwe, waje wenyewe, binti akiwa amekaa hapo hapo. Pendekeza wiki nne bila ruhusa ya kutoka jioni, na kila Jumamosi wakae na wewe saa moja mkizungumza walikwenda na nani na nani aliwalipia. Hilo la nani aliwalipia usiliache. Wasichana wa umri huo mara nyingi hawajinunulii.

Wenzao wanane chumbani waliona wanarudi, na wanasubiri kuona kitakachotokea ili wajue kama siku mwingine akizima watakugongea mlango au watamfunika shuka. Namba ya simu ya zahanati na ya dereva wa bajaji unayemwamini usiku zibandike mlangoni kwako leo, kabla kikao hakijakaa.